Joto la Kumkogeshea Mke Wangu

Mke wangu alipatwa na kiharusi jikoni, akichagua mchele, mwishoni mwa miezi ya joto. Nilisikia sinia likianguka nikadhani ni paka. Alipotoka hospitali upande wake wa kulia ulikuwa umekufa. Mguu ulikuwa kama gogo, mkono umejikunja kifuani, na vidole vimefumbana kama vya mtu aliyeficha kitu asichotaka kukitoa. Kiarabu, ambacho aliwasomesha wasichana skuli kwa miaka mingi, kilimtoka chote. Alibakiwa na Kiswahili cha Unguja alichokuja nacho Maskati akiwa mtoto, nacho kwa vipande. Daktari akimsemesha kwa Kiarabu, ananigeukia mimi, anangoja nimfasirie.

Tuna mtoto mmoja, binti, anasomesha mji wa Suhar na huko ndiko alikoolewa. Alhamisi jioni huja kwetu Ghubra, hapa Maskati, Jumamosi hurudi. Alituletea mtu wa kumsaidia mama yake, mwanamke wa makamo, mpole, aliyetoka nchi ya mbali kuja kutafuta. Siku ya kwanza alipotaka kumvua nguo ampeleke kukoga, mke wangu alilivuta shuka mpaka shingoni kwa mkono wake mzima, akalishikilia hivyo hivyo mpaka yule mwanamke akatoka chumbani. Binti yetu alipojaribu yeye, mama yake alilia. Nikaingia nikamuuliza, basi anataka nani amkogeshe.

"Wewe," akasema. Akapumzika, akatafuta neno jengine. "Wewe tu."

Kwa hivyo nikawa mimi. Yule mwanamke akabaki kupika na kufua, na mimi, niliyestaafu serikalini nikidhani nitakaa kusoma magazeti, nikajifunza kumnyanyua mtu mzima kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, na kutoka kiti kile hadi kiti cha plastiki cha bafuni, bila ya kumwangusha wala kumdhalilisha.

Nyumba yetu aliijenga marehemu baba, siku zile watu wetu walipoanza kuja Maskati kutoka Afrika Mashariki, bara na visiwani. Aliijenga kwa kuliogopa jua. Madirisha madogo yako juu, sakafu ni ya mawe baridi, na bafu ameliweka upande wa kaskazini ambako jua halifiki mwaka mzima. Alipokuwa akijenga alikuwa akifikiria mwezi wa sita, na hakuna mtu wa Maskati atakayemlaumu kwa hilo. Hapa miezi ya joto maji ya tangi la juu ya paa yanachemka kwa jua, kiasi kwamba tunaizima sakhana, chombo cha kuchemshia maji, yakapoa humo ndani, na bomba la maji moto ndilo tunalolifungulia tupate maji ya baridi. Mtu aliyezoea maisha hayo hajui hata neno la kuitia baridi ya bafuni.

Lakini baridi ipo. Mwezi wa kwanza, asubuhi, kwa mtu mwenye siha yake ni raha tu, unajifunika blanketi jepesi ukimaliza kusali alfajiri. Kwa mtu aliyekaa uchi, amerowa, na nusu ya mwili wake haina nguvu, ni adhabu. Maji nilimmwagia ya moto, sawa, ila baina ya kopo moja na jengine ile hewa ya bafuni ilimshika. Akianza kutetemeka, mkono wa kulia unazidi kujivuta kifuani, kiwiko kinagota mbavu, mguu unanyooka wote kama ubao na yeye mwenyewe anaanza kuteleza kitini. Mtaalamu wa viungo wa hospitali alinieleza kwamba baridi ndivyo inavyofanya misuli ya watu waliopata maradhi haya. Mimi nikimshika kwa magoti yangu asianguke, na huku najaribu kuingiza kitambaa ndani ya ngumi ile nimsafishe kiganja. Hakiingii. Nikitumia nguvu anapiga ukelele.

Kiganja kikaanza kunuka. Na yeye alijua kwamba kinanuka. Huyu alikuwa mwanamke asiyevaa nguo isiyofukizwa udi, hata ya kulalia. Akaanza kukataa kukoga. Nikimwambia twende, anatikisa kichwa, na siku zikapita. Kisha akaacha kusali. Nilimkumbusha kwamba mgonjwa ana ruhusa zake, kwamba mchanga unatosha pale maji yanapoleta madhara. Alikuwa anayajua hayo kuliko mimi, ndiyo aliyokuwa akiwasomesha wasichana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akageuza uso ukutani.

Hapo ndipo nilipotoka kwenda kutafuta hita. Nilikwenda mtaa wa maduka na gereji wa Wadi Kabir, nikaingia duka baada ya duka. Yote yamejaa viyoyozi, mafeni, mafriji. Mwenye duka mmoja aliniuliza, kwa heshima, kama nnaishi Jabal Akhdar, maana wanaonunua vitu hivyo ni watu wa milimani. Nikasema nnaishi Ghubra. Akanitazama, kisha akaingia stoo akatoka na hita ndogo ya nyaya mbili zinazowaka nyekundu, imejaa vumbi.

Niliiweka kwenye kizingiti cha mlango wa bafu, mbali na maji. Ilisaidia. Mara ya kwanza mke wangu aliinyooshea mkono wake mzima, akafumba macho, na mimi nikadhani tumefika. Alikubali kukoga kila siku, wiki nzima na ya pili yake. Kisha asubuhi moja nilikuwa nyuma yake namsuuza nywele. Mguu ule ulinyooka wenyewe, kama ulivyozoea, na wayo ukaenda kujibandika kwenye chuma cha hita. Hakushtuka. Aliendelea kuinamisha kichwa nimmwagie maji. Kilichonijulisha ni harufu, na hata harufu ile sikuielewa upesi.

Kituo cha afya, muuguzi alipokuwa akimfunga mguu, alinambia kwa upole kwamba upande ule hausikii moto wala baridi, na kwamba chochote cha kumtia joto kitakachoweza kumgusa, siku moja kitamuunguza tena. Mke wangu alikuwa akiutazama mguu wake uliojaa malengelenge kama mguu wa mtu mwengine. Akanitazama mimi. Niliposhindwa kuvumilia macho yake, nikatoka nje kusubiri dawa.

Binti yetu alifika siku ile ile, hakungoja Alhamisi. Alipouona mguu alikaa kitako sakafuni. Alipoinuka alisema bafu hili livunjwe lote, lijengwe upya kwa ajili ya mama, lenye joto lake humo humo. Nikakubali. Sikuwa na fikra nyengine.

Basi tukaanza kuchagua, na sikupata kujua kwamba kuchagua joto ni kazi ngumu hivyo. Binti yetu alitaka sakafu ya moto, zile nyaya zinazolazwa chini ya vigae. Alikuwa amenionesha kwenye simu yake, watu wanatembea peku na nje theluji. Moyo wangu uliipenda. Lakini nikakumbuka wayo. Mke wangu akiweka mguu wake usiosikia juu ya sakafu hiyo, na chombo cha kupimia joto kikaharibika, nani atajua? Tena mkandarasi tuliyempata alituambia sakafu itapanda juu kidogo, maana yake kutakuwa na ukingo mlangoni, na kiti cha magurudumu kila siku nikipandishe na kukishusha kwa mgongo wangu. Na hata ikiwa salama, inapasha miguu. Yanayorowa ni mabega.

Kulikuwa na taa za joto za kuweka darini. Dukani nilimwomba muuzaji aniwashie moja nikakaa chini yake. Utosi uliniwaka na mgongo ukabaki vile vile, na mwanga wake mwekundu ulinifanya nione chumba kizima kama kimeshika moto. Sikutaka mke wangu akae uchi chini ya mwanga ule. Ikabaki hita ya kupuliza, inayofungwa ukutani juu kabisa, juu ya mlango, isiyoogopa rasharasha za maji, inayojaza chumba hewa ya moto kabla mtu hajaingia. Haitamgusa. Hiyo ndiyo hoja yangu yote niliyokuwa nayo.

"Baba, una hakika?" binti aliniuliza.

Nilimwambia sina. Mtu pekee aliyekuwa akiijua baridi ile alikuwa kitandani, na nikimuuliza hili au hili anatikisa kichwa kwa yote mawili. Nilikuwa nachagua gizani kwa niaba ya mtu asiyeweza kunisahihisha.

Tukavunja. Walipofungua ukuta walikuta mabomba ya chuma aliyoyatia baba yameliwa na kutu, ukigusa yanamong'onyoka. Nyaya za umeme zilikuwa za zamani, ganda lake linadondoka kama maganda ya kitunguu, na hakukuwa na waya wa kupeleka umeme ardhini, si bafuni tu, nusu ya nyumba. Kufunga hita juu ya mtu aliyerowa kwa nyaya zile kungekuwa kumuua. Kwa hivyo ukuta ukafuatwa mpaka jikoni, na kazi iliyokuwa iishe upesi ikawa haina mwisho. Choo cha pili cha nyumba ni cha wageni, kidogo, kiti hakiingii. Kisha msimamizi wa mafundi akafiwa na baba yake kwao, akasafiri. Mafundi wenyewe wakapelekwa kwenye kazi nyengine. Mkandarasi akawa ananambia kesho, kisha akawa hapokei simu.

Tukabaki na bafu lisilo na sakafu. Nilikuwa namfuta mke wangu kwa vitambaa kitandani, kipande kwa kipande, nafunua bega, nafunika, nafunua mguu, nafunika. Hakuna anayesafika hivyo. Kwenye nyonga pakawa pekundu, kisha pakachubuka, kisha pakawa donda. Akapata homa. Muuguzi wa kituo cha afya alikuja nyumbani, akalitazama donda, akanambia mgonjwa anahitaji kukoshwa vizuri kwa maji na kugeuzwa mara kwa mara, na donda likizidi kuchimba itabidi alazwe. Mke wangu hakuyafahamu maneno ya Kiarabu, ila neno hospitali alilifahamu. Akanishika mkono hakuniachia.

Adhuhuri yake nilifanya jambo ambalo huko nyuma sikuthubutu. Jua la uani lilikuwa zuri, la joto. Mimi na binti yetu, aliyekuwa ameomba ruhusa skuli, tulitandaza mashuka kwenye kamba za kuanikia nguo pande zote, tukafunga jengine juu kama paa, maana nyumba za jirani zimeinuka ghorofa na zinatuona mpaka ndani. Tulimtoa mke wangu na kiti chake. Hakukataa, homa ilikuwa imemvunja. Binti akatuachia. Nikammwagia maji, na jua lilipokuwa likipenya mashuka, sikuona akitetemeka hata mara moja. Nilikuwa namshukuru Mungu kwa sauti. Upepo ukanyanyua shuka la juu. Kwenye paa la jirani alikuwako mtu anatengeneza tangi la maji, na hakuwa na kosa, aligeuza uso upesi kama alivyoweza. Mke wangu alikwisha kumwona. Alijaribu kujifunika kwa mkono mmoja, hakujua afunike wapi. Nilimfunika kwa mwili wangu, tukakaa hivyo, nguo zangu zote zimerowa, mpaka binti akaja na kanga.

Baada ya siku ile hakusema neno lolote, si Kiarabu si Kiswahili. Hata jina langu.

Nilikwenda Wadi Kabir kwenye ofisi ya mkandarasi. Imefungwa. Nikarudi kwenye gari, nikapandisha vioo, nikakaa. Nje watu wanapita, gereji zinagonga vyuma, teksi zinaita abiria. Nilimwomba Mungu atuchukue sote wawili kwa pamoja, kwa sababu nikitangulia mimi atabaki na nani, na akitangulia yeye atakuwa ameondoka hajasafika. Sikuwa naomba kwa hasira. Nilikuwa nimechoka, na hilo ndilo dua lililonijia mdomoni. Sikumwambia mtu mpaka leo ninapoandika.

Kisha nikashuka garini, kwa sababu hakukuwa na jengine la kufanya. Nikaingia gereji moja nikauliza nani anajua fundi umeme. Wakanipeleka kwa mmoja, akanielekeza kwa mwengine. Aliyekubali hatimaye alitoa sharti kwanza avute waya mpya kutoka kwenye boksi kuu la umeme, na aweke swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Nikasema afanye analoona sawa. Fundi vigae nilimpata kwa njia hiyo hiyo, kwa kuuliza mlango kwa mlango. Binti yetu alisimamia nyumbani, akiwapikia wote. Alipendekeza tena sakafu ya moto, maana sakafu ilikuwa wazi na ndiyo nafasi ya mwisho. Nikasema hapana. Hakubishana, lakini niliona kwamba naye, kama mimi, anaogopa tusije tukawa tumekosea.

Bafu lilipokamilika, baridi ya mwaka ule ilikuwa bado haijaondoka. Niliwasha hita nikafunga mlango, nikakaa ndani peke yangu na nguo zangu kuijaribu. Inavuma kama feni kubwa. Hewa ilishuka polepole kutoka juu mpaka ikafika mabegani mwangu, mpaka magotini. Nilipapasa kuta. Niliweka mkono kila mahali ambapo mguu wake ungeweza kufika, hakuna penye moto.

Nikamleta. Kwenye mlango alijikaza, akashika ubao wa mlango kwa mkono mzima. Nikamwambia, "Mwenzangu, hebu ingia usikie tu. Kama baridi, tunatoka." Akaachia.

Nilimkogesha taratibu kuliko siku zote. Nilikuwa nangojea kutetemeka kuanze, na hakukuanza. Mguu ulinyooka mara moja, ukalegea. Nilipofika kwenye mkono wa kulia sikuulazimisha, niliuweka tu ndani ya maji ya vuguvugu kwenye beseni mapajani pake, na hewa ile ya moto inatushukia. Tukakaa. Kidogo kidogo kidole gumba kikaachana na vyengine. Ndani ya kiganja kucha zilikuwa zimechimba alama, ngozi nyeupe imelainika kama ya mtoto mchanga. Nilikiosha. Alikuwa akikitazama kwa makini, kama anasoma. Kisha akaniashiria nimpe sabuni, akamalizia mwenyewe kwa mkono wake wa kushoto.

Adhuhuri ile alisali, kwenye kiti. Alisahau maneno mengi. Mimi nilikaa nyuma yake nikimsikiliza akirudia lile alilolipata.

Ningependa kusema kwamba tangu hapo mambo yalitengenea. Donda lilipona, hilo ni kweli. Mkono haukurudi. Akishatoka bafuni unajikunja tena, na maneno yake hayakuongezeka. Hita haikumpa zaidi ya ule muda wa kukoga, na kila siku nilimnyanyua, nikamkalisha, nikamnyanyua tena. Miezi ya joto ikaja, ikapita. Mgongo wangu ulianza kuuma, nikaudanganya kwa dawa za kuchua. Ijumaa moja, asubuhi, niliinama kumshika kwapani na sikuweza kunyooka. Nilibaki nimeinama hivyo hivyo, mikono imemzunguka, kichwa changu begani kwake. Hofu niliyoipata sikuwahi kuipata hata ile siku ya Wadi Kabir, maana sasa nilikuwa nimeuona mwisho wa nguvu zangu.

Binti yetu alikuwa jikoni. Nikamwita. Alitutenganisha, akanikalisha kitandani, akasimama mbele ya mama yake hajui afanye nini. Kiti kilikuwa tayari. Bafu lilikuwa limeshapata joto.

"Mama," akasema, "niruhusu leo tu."

Mke wangu alinitazama mimi kwanza. Sijui aliona nini. Nilikuwa nimeshika kiuno, jasho linanitoka. Alitazama mlango, akamtazama binti yake kwa muda mrefu, na midomo yake ikawa inatafuta. Nilidhani atasema wewe tu.

"Mwache aje," akasema.

Walipita, mlango ukafungwa. Nilijiburura mpaka ukumbini nikakaa kwenye kiti kilicho karibu na bafu, kama atahitaji msaada wa kunyanyua, ingawa msaada wenyewe nisingeweza kuutoa. Nilisikia maji. Nilisikia binti yetu akizungumza, Kiswahili cha nyumbani, akimuuliza kama maji ni moto sana, na baada ya muda sauti ya mama yake, fupi, ikimjibu. Maneno sikuyapata kwa mvumo wa hita. Yule mwanamke wetu wa jikoni alipita na kikombe cha chai, akaniwekea. Nilikaa pale, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza tangu kiharusi sikuwa na la kufanya.